Bitana ya Kabuti

Rehema alinipigia simu nikiwa nimeinamia cherehani, natia marinda kwenye sketi za sare za shule, akasema bila hata salamu, "Atu, Baba ametutoka." Nikamwambia pole ndugu yangu, pole sana, nikaanza kuuliza amekufaje, kana kwamba mtu wa umri ule anahitaji sababu. Akasema tunazika Jumamosi, na historia fupi ya marehemu utasoma wewe. Mimi? Mshonaji wa Uyole, niliyekaa kwao mwaka mmoja tu enzi hizo za usichana? Nikamwambia ana wadogo zake, ana wajomba, ana watoto waliosoma mpaka vyuo. "Hao wataanza kulia kwenye mstari wa pili," akasema. "Halafu Baba alikupenda. Alikuwa anakuita fundi wangu." Sijui kwa nini, badala ya kukubali au kukataa nikauliza, "Na kabuti je?" Akanijibu harakaharaka, maana alikuwa amekwisha kulifikiria. "Kabuti litakaa juu ya jeneza. Vifungo nimeshavisugua vinang'aa. Baba alikuwa askari, Atu, azikwe kama askari." Simu ilipokatika nilibaki nimeshika ile sketi, na nikaona nimeshona rinda moja kinyume.

Huku kwetu nyanda za juu mtu hazikwi mpaka asomewe. Alizaliwa mahali fulani, akabatizwa, akasoma hadi darasa kadhaa, akaoa, akajaliwa watoto, akaugua, Bwana ametoa Bwana ametwaa. Hata waliokuwa wanasinzia kwenye mahubiri huamka hapo, kwa sababu kila mtu anataka kusikia nini kimewekwa na nini kimerukwa. Nimesikia mlevi akiitwa mcheshi aliyependa watu, na mwanamume aliyekuwa akimpiga mkewe akiitwa baba mwenye msimamo. Hatushtuki, tunaitikia amina, tunakwenda kula wali. Kwa hiyo ningeweza tu kuandika kwamba Mzee Mhavile alikuwa askari hodari, nikasoma, nikarudi kwenye sketi zangu. Lakini ndani ya basi, kuanzia Uyole mpaka tumeipita Mafinga, niliandika mstari mmoja nikaufuta, nikaandika nikaufuta, na jirani yangu kitini akaniuliza kama naandika barua ya mapenzi. Nikamwambia bora ingekuwa hiyo.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza shule na nimetumwa Iringa kujifunza ushonaji. Nikapata malazi kwa Mzee Mhavile, pale Mlandege, chumba kimoja na binti yake Rehema. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, sebule ndogo, viti vya mbao vimefunikwa vitambaa vya kudarizi vilivyokauka kwa wanga, redio juu ya kabati, na nyuma ya mlango, kwenye msumari mnene, kabuti. Kabuti zito la jeshi, rangi ya majani makavu, linalofika magotini, na vifungo vya shaba vyenye taji ya Mwingereza. Nani asiyejua baridi ya Iringa mwezi wa saba? Kabuti lile lilikuwa la nyumba nzima. Anayekwenda chooni alfajiri analivaa. Anayewasha moto analivaa. Mimi na Rehema tuligombana kulihusu kuliko tulivyogombana kuhusu mvulana yeyote, na jioni, ugali na mboga ya maboga vikishaliwa, mtoto yeyote aliyelala kwenye mkeka alikuwa anafunikwa nalo. Mzee mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache na viatu safi. Nilivyowasili mara ya kwanza nilimwamkia kwa Kinyakyusa, ugonile, kwa ushamba wangu tu, naye akacheka akanijibu kwa Kihehe, "Kamwene, fundi," na jina likanikaa kabla sijajua hata kutunga uzi.

Ukuta wa pili palikuwa na hoteli ya Mama Njeri, kibanda cha mabati chenye meza mbili, chai ya maziwa na chapati ambazo watu walizifuata kutoka stendi. Alikuwa Mkikuyu wa Nyeri. Dereva mmoja wa malori ya barabara kuu ya Zambia alimwoa, akamleta Iringa, kisha barabara ikamchukua dereva, na mama wa watu akabaki. Hakuwa na ndugu mji mzima zaidi ya sisi. Akifunga hoteli jioni anakuja na chapati zilizobaki, anakaa jikoni na Mama Rehema, wanasengenya hadi sufuria inaungua. Mzee Mhavile alikuwa anapenda kumchokoza. "Nyie watu wa Kenya, chai yenu ni maziwa yaliyopakwa rangi." Naye anamjibu, "Na nyie Wahehe mnakunywa ulanzi, pombe ya mianzi, mnasema ni mti, ati ni afya!" Mwezi wa tano malaria ilimwangusha vibaya. Mama Rehema akamhamishia sebuleni kwetu, kwenye kochi, na alipotetemeka mpaka meno yanagongana, Mzee mwenyewe ndiye aliyetoa kabuti msumarini akamfunika, akaziweka pembe chini ya miguu yake ili baridi isipenye. Nililiona hilo kwa macho yangu. Ndiyo maana kalamu ilinishinda ndani ya basi.

Halafu mwezi wa saba ikaja Siku ya Mashujaa. Mtaa ulifanya sherehe yake kwenye uwanja wa shule, vijana wakajenga mnara mdogo wa matofali, na ikapangwa nani ataweka nini: huyu mkuki na ngao, yule upinde na mishale, wengine shada la maua. Mzee aliyekuwa akiweka shoka kila mwaka alikuwa amefariki, basi wakatafuta askari wa zamani mwingine, na mtaani kwetu askari wa zamani alikuwa mmoja. Mzee Mhavile alisitasita kidogo, nakumbuka aliuliza, "Mimi?" kama nilivyouliza mimi kwenye simu juzi. Lakini mkewe alikwisha kulipiga kabuti pasi. Akavaa, akasimama wima, akapendeza, sitasema uongo. Mimi nilikuwa namsaidia Mama Njeri kuuza chai na maandazi pembeni ya uwanja. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu wa sauti kubwa na moyo mzuri, akatangaza, "Shoka litawekwa na mzee wetu Mhavile, askari wa zamani wa Keya, aliyepigana kule Kenya enzi za Maumau, mmoja wa mashujaa waliotuletea uhuru!" Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Kwetu mzee aliyeshika bunduki zamani ni shujaa wa uhuru, imekwisha, hakuna aliyejiuliza jeshi la Mwingereza lingemletea nani uhuru kutoka kwa Mwingereza. Mama Njeri akaniuliza taratibu, "Ati alipigana wapi?" Nikamwambia Kenya. "Akiwa nani?" Nikasema Keya, jeshi la Mwingereza, si umesikia. Akatua birika chini, akafungua kanga kiunoni akaifunga upya, akaondoka, na maandazi yote akaniachia mimi.

Jioni hakuja. Kesho yake hakuja. Jikoni Mama Rehema alikuwa anamenya viazi akinieleza kwa sauti ya chini yale aliyoyajua kutoka kwa rafiki yake: kwamba Mama Njeri alikuwa mtoto mdogo wakati wa vita ile, kwamba askari walichoma nyumba yao na ghala la mahindi, wakawahamishia kijiji kilichozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha, na huko bibi yake na mdogo wake wakafa kwa njaa. Na baadhi ya askari wale walikuwa watu weusi waliosema Kiswahili cha huku kwetu. "Alishaniambia yote haya," Mama Rehema akasema. "Na mimi nilijua mume wangu alikuwa Kenya. Sikuyaunganisha, Atu. Mungu wangu, sikuyaunganisha." Mzee alikuwa sebuleni, redio imezimwa. Ukuta wenyewe mwembamba. Nikajua kasikia kila neno kwa sababu hakuuliza chakula.

Siku chache baadaye nilikuwa hotelini napima dirisha kwa ajili ya pazia, Mzee Mhavile akaingia. Hakuvaa kabuti, na asubuhi ile baridi ilikuwa kali. Akavua kofia. "Mama Njeri, nimekuja." Yule mama akaendelea kusukuma chapati. "Ulikuwa sehemu gani?" akauliza. Mzee akasema Nyeri kidogo, kisha Fort Hall. "Mlichoma nyumba?" "Tulichoma." "Sikuuliza nyinyi. Nimeuliza wewe." Nikatamani kutoka, lakini Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Nilishika kiberiti." Mama Njeri akaweka chini mti wa kusukumia. "Kwa nini ulikwenda? Nani alikuita? Sisi tulikukosea nini wewe, mtu wa Iringa?" Na Mzee Mhavile, mjukuu wa watu waliopigana na Mjerumani mpaka wakaisha, akamjibu jambo ambalo sijapata kulisikia katika hotuba yoyote. "Nilitaka buti," akasema. "Lori lilikuja kijijini, wale vijana waliokuwa ndani walikuwa na buti. Mimi sikuwahi kuvaa kiatu." "Buti!" Mama Njeri akacheka, akacheka kwa sauti, halafu kicheko kikageuka kilio pale pale, na unga mikononi akashindwa hata kujifuta. Alipotulia akamimina chai kikombe kimoja akaisukuma mezani. "Kunywa. Mtu akiingia hotelini kwangu nampa chai. Ila nyumbani kwako siji." Akanywa amesimama, akashukuru, akatoka.

Mtu angedhani imeishia hapo, wakose salamu maisha yao yote, na mimi leo ningejua pa kusimama. Lakini mwezi wa tisa Mama Rehema alilazwa, tumbo, wakampasua, akakaa hospitali wiki nyingi. Rehema akawa huko anamuuguza. Nyumbani tukabaki mimi, watoto na Mzee, na mapishi yangu wakati ule, jamani, hata kuku walikuwa wanayakataa. Siku ya pili Mama Njeri akaniita ukutani, akanipa sufuria ya kande na chapati zimefungwa kwenye kitambaa. Nikamuuliza za watoto? "Za wote." Na Mzee? Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyekosa. "Mtu nitamlisha, Atu. Kabuti silipigi pasi." Akamlisha mpaka mkewe aliporudi. Yeye mwenyewe hakukanyaga kizingiti chetu; sufuria zilipita juu ya ukuta, zinakwenda zimejaa zinarudi zimeoshwa, na anayeziosha alikuwa Mzee mwenyewe, kwa majivu, mpaka zinang'aa. Wakati mwingine nilidhani huko ndiko kusamehe. Wakati mwingine nilidhani ni hasira tu iliyojifunza kupika. Hadi leo sijui.

Karibu na Krismasi bitana ya kabuti ilichanika yote, ikabaki inaning'inia. Mzee akaniletea. "Fundi wangu, hii ndiyo mitihani yako ya mwisho." Sikuwa na kitambaa kinachofaa, na dukani bitana ilikuwa haipatikani. Nikalitandaza uani nikiwaza nifanyeje, Mama Njeri akaniona kutoka upande wake. Aliliangalia sana. Sikuthubutu kulikunja. "Nililala chini ya hilo," akasema. "Nilipona chini ya hilo." Akaingia ndani, nikasema basi nimeharibu, lakini akarudi na kitenge chake cha zamani, chekundu chenye maua makubwa ya njano, kimefifia kwa kufuliwa lakini bado kigumu. Akakitupa juu ya ukuta. "Kama mtaendelea kufunikia watoto, basi wafunikwe na kitu cha mama yao." Nikakishona humo. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kweli, na nilipata taabu na mikono, lakini haikuchanika tena. Mzee alipolivaa akalifungua, akaona maua, akajua mara moja ni ya nani. Alikaa kwenye kiti chake na kabuti magotini, na mimi nikarudi Uyole mwezi uliofuata kuanza maisha yangu.

Nilifika msibani Ijumaa, turubai limefungwa, wanawake wamekaa kwenye mikeka. Rehema alinikumbatia tukalia kwanza, ndipo akaniuliza, "Umeandika?" Nikampa karatasi. Akasoma akafika kwenye Kenya akasimama. "Hii toa." Nikamwambia alikuwa huko. "Najua alikuwa huko! Andika askari hodari aliyelitumikia taifa." Taifa lipi, Rehema? "Usinianze, Atu. Mwanangu yuko jeshini, anakuja kesho na sare zake. Amekwenda jeshini kwa sababu ya babu yake. Umsomee mbele ya watu kwamba babu alichoma nyumba za maskini? Baba alikuwa mwema. Hukuwa unakula kwetu?" Nilikula, ndiyo. "Miaka yote wamemwomba akaweke shoka, mguu tu ndio ulimzuia. Kila mwezi wa saba unauma." Nikamtazama vizuri nione kama anajua anachosema. Hakujua. Miaka yote hiyo alidhani ni baridi. Mguu gani, Mzee niliyemwona mwenyewe, nilipokuja kuwasalimu, akipanda jiwe la Gangilonga kwa miguu na sabini zake! Nikataka kumwambia, nikaona macho yake yamevimba, nikaikunja karatasi. Je, kumwambia kungekuwa kumheshimu baba yake au kumvunjia heshima? Ningemtetea kwa kitu kilekile ninachomshtakia.

Nikaenda ukuta wa pili. Hoteli ni ya mpangaji siku hizi, lakini Mama Njeri bado anakaa chumba cha nyuma, mzee, mdogo, nywele nyeupe kama pamba, masikio mazima. Akanijua kwa sauti. Nikamsomea nilichoandika, nikamuuliza nisome au nisisome. "Usiniulize mimi!" akasema kwa ukali. "Miaka yote hii nimeishi na huyu mtu ukutani. Siku nyingine nampelekea uji. Siku nyingine namsikia anakohoa nasema ngoja akohoe. Mdogo wangu angekuwa mzee sasa. Ungemuuliza yeye." Kisha akaniuliza mimi nashona sare za shule za nani siku hizi, tukaongelea bei za vitambaa, na nilipoaga hakusema kama atakuja kuzika.

Jumamosi upepo wa Iringa ulikuwa unavuma unataka kung'oa turubai. Jeneza lilikuwa pembeni mwa kaburi, juu ya miti miwili, na juu yake kabuti limetandazwa, vifungo vinamulika jua. Yule kijana wa Rehema alisimama kichwani pa jeneza na sare zake, mrefu, mzuri, mashavu yamelowa. Mchungaji akaniita. Nikasoma kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto. Nikafika pale. Karatasi ilikuwa inapigwapiga na upepo, na wala sikuisoma. Nikasema, "Akiwa kijana alikwenda Kenya na jeshi la Mwingereza, wakati wa Maumau. Aliyoyatenda kule aliyasema kwa mdomo wake mwenyewe, kwa mtu aliyestahili kuambiwa. Baada ya hapo hakukubali tena kuitwa shujaa. Mguu wake haukuwa na tatizo." Rehema aliinua kichwa. Sikuweza kujua kama nimempa baba yake au nimemnyang'anya. Kijana alinitazama vilevile. Watu wengine waliitikia amina, kwa mazoea tu.

Hapo ndipo Mama Njeri alipotokea, ameshikiliwa mkono na mpangaji wake, watu wanampisha. Akafika kwenye jeneza. Hakuomba ruhusa kwa yeyote. Akashika kabuti kwenye kola na kwenye pindo, akaligeuza. Maua ya njano yakatokea yote, nyekundu yake imepauka lakini mishono yangu imekaa. "Upande huu ndio uliotufunika," akasema, akalisawazisha kwa kiganja kama anavyosawazisha chapati. Rehema alianza kulia kwa sauti. Wakaliteremsha jeneza hivyo hivyo, kwa kamba, na lilipofika chini upepo uliingia kaburini ukapindua kona moja ya kabuti, vifungo viwili vyenye taji vikachomoza juu ya maua. Kila mtu aliona. Hakuna aliyeweza kushuka kuirudisha. Mchungaji akasema mavumbi kwa mavumbi, tukainama kuchukua udongo, na Mama Njeri akachukua wake, ngumi nzima, akasimama ukingoni akitazama chini kwa muda mrefu. Kisha akautupa. Nilikuwa nimesimama karibu naye kabisa, na sijui aliulenga upande upi.